Mji Unapopoteza Timu Yake: Mhadhara kwa Wapenzi wa Mpira wa Kikapu wa Lubumbashi

Waheshimiwa viongozi wa klabu, walimu, wazazi, nanyi vijana mliotoka mazoezini moja kwa moja mkaja kuketi katika ukumbi huu, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Nimeombwa kuzungumzia hatari ya mji kupoteza timu yake ya kulipwa ya mpira wa kikapu. Ninaamini kwamba timu nyingi zilizopotea zilikuwa zimepotea miaka kadhaa kabla ya kuondoka, tangu siku zilipouzwa au kuanzishwa bila maandishi yoyote ya kuzifunga na mji wake. Kelele, maandamano na kesi za baadaye huwa ni juhudi za kuzuia jambo ambalo limekwisha kuamuliwa.

Tuanze na Seattle, mji wa magharibi mwa Marekani, kwa sababu yaliyotokea huko yaliandikwa na kusomwa mahakamani hatua kwa hatua. Timu ya SuperSonics ilianzishwa mwaka 1967 na ikatwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mwaka 1979. Kwa miaka arobaini watoto wa mji ule walikua wakijua kwamba timu ni yao. Kisheria, hata hivyo, ilikuwa mali ya mtu mmoja na washirika wake, na mwaka 2006 mmiliki huyo, Howard Schultz, mwenyekiti wa kampuni ya kahawa ya Starbucks, alikuwa amechoka kuomba fedha za umma za kupanua ukumbi. Akaiuza SuperSonics, pamoja na timu ya wanawake ya Storm, kwa kundi la wafanyabiashara wa Oklahoma City lililoongozwa na Clay Bennett, kwa dola milioni 350. Wanunuzi waliahidi kujitahidi kwa nia njema, kwa muda wa mwaka mmoja, kupata ukumbi mpya katika eneo lile lile la Seattle. Naomba mwitazame ahadi hiyo kwa makini: iliwataka wajitahidi, haikuwataka wabaki.

Mwezi Novemba mwaka huo huo wapiga kura wa Seattle walipitisha, kwa wingi mkubwa, sheria ya kuzuia fedha za mji zisitumike kwa kumbi za timu za kulipwa pasipo faida ya kutosha kwa hazina. Mwaka uliofuata bunge la jimbo halikukubali kugharimia ukumbi wa takriban dola milioni 500 ambao Bennett aliutaka katika kitongoji cha Renton. Mimi siwalaumu raia wale. Mtu anayelipa kodi ana haki ya kuuliza kwa nini tajiri ajengewe nyumba ya biashara kwa fedha za shule na barabara. Lakini kura ile ilijibu swali la fedha, wakati swali la umiliki lilikuwa limekwisha kujibiwa sokoni miezi michache nyuma.

Mji ulibaki na kitu kimoja tu mkononi: mkataba wa upangaji. Ukumbi wa KeyArena ulikuwa mali ya mji, na mkataba ulisema timu ingecheza humo hadi Septemba 2010. Kwa karatasi hiyo mji ulikwenda mahakamani, kesi ikasikilizwa Juni 2008, na tarehe 2 Julai, hakimu akiwa karibu kutoa hukumu, pande mbili zikapatana. Wamiliki walikubali kulipa dola milioni 45, wakaruhusiwa kuondoka miaka miwili kabla ya wakati. Jina la SuperSonics na rangi zake vilibaki Seattle. Wachezaji walikwenda Oklahoma City na kuitwa Thunder.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi wa upande huu. Siku chache kabla ya mapatano hayo, katika uchaguzi wa wachezaji chipukizi, Seattle ilimchagua kijana wa Brazzaville, Serge Ibaka, na usiku huo huo ikamchagua Russell Westbrook. Majina yao yalitangazwa kama wachezaji wa SuperSonics, lakini hakuna hata mmoja wao aliyevaa jezi ile katika mchezo wa ligi. Mashabiki waliokuwa wamevumilia misimu ya kushindwa waliona matunda ya uvumilivu wao yakienda kwa watu wengine, kwa maana mwaka 2012 vijana hao, pamoja na Kevin Durant aliyekuwa amecheza msimu wake wa kwanza Seattle, walifika fainali ya NBA kwa jina la Thunder.

Sasa linganisheni na Storm, timu ya wanawake. Ilikuwa ya mmiliki yule yule na ilicheza katika ukumbi ule ule. Mapema mwaka 2008, Bennett alikubali kuiuza kwa wanawake wanne wakazi wa Seattle, waliolipa dola milioni 10. Timu hiyo ikabaki, ikatwaa ubingwa mwaka 2010, kisha 2018 na 2020. Mashabiki wa Storm hawakuwa wengi kuliko wale wa SuperSonics, wala ukumbi haukuwa bora zaidi. Tofauti ilikuwa jina la mwenye mali na mahali anapolala usiku. Kila ninapozungumza na viongozi wa michezo huwaomba waanze na mfano huu, kwa sababu unaondoa ile hoja kwamba mji mdogo au mashabiki wachache ndio chanzo cha kila msiba.

Mfano wa pili unapita kwa mtoto wa mji huu. Bismack Biyombo, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1992, alichaguliwa mwaka 2011 na timu ya Sacramento, na usiku ule ule akapelekwa ile ya Charlotte, miji mingine ya Marekani. Miji yote miwili inalijua suala letu kwa uchungu. Charlotte ilikuwa na timu ya Hornets tangu 1988, na kwa misimu mingi iliongoza ligi nzima kwa idadi ya watazamaji. Hata hivyo mmiliki aligombana na mji, wananchi wakakataa ukumbi mpya katika kura ya mwaka 2001, na mwaka 2002 timu ikahamia New Orleans. Kujaza ukumbi hakukuilinda Charlotte. Baadaye mji ulijenga ukumbi mpya kama ule uliokataliwa, ukapewa timu mpya ya Bobcats mwaka 2004, na jina la Hornets likarudi mwaka 2014, Biyombo akiwa bado mchezaji wake. Gharama iliyokwepwa ililipwa hata hivyo, na juu yake mji ukaanza upya na timu isiyo na historia.

Sacramento iliokoka kwa sababu ilitangulia. Mwaka 2013 familia iliyomiliki Kings, timu ya mji huo, ilikuwa imekubali kuiuza kwa kundi la Seattle, lakini meya Kevin Johnson, mwenyewe mchezaji wa zamani wa NBA, alipeleka mbele ya ligi vitu viwili: mnunuzi atakayebaki, na mpango wa ukumbi ambao mji ungechangia zaidi ya dola milioni 200. Wamiliki wa timu za ligi walipiga kura 22 kwa 8 kukataa uhamisho. Ukumbi mpya ulifunguliwa mwaka 2016. Kama fedha hizo za umma zilitumika vizuri ni mjadala halali, nami nadhani mji ulilipa ghali. Lakini angalau ulijua unanunua nini.

Mtaniuliza: hayo yanatuhusu vipi sisi, ambao hatujamwona tajiri akibeba klabu ya Lubumbashi kuipeleka Kolwezi? Yanatuhusu kwa njia nyingine. Huku kwetu timu haihami, inazimika. Mlezi anapokufa, anapofilisika, anapogombana na serikali au anapochoka, wachezaji wanatawanyika, na mwaka unaofuata klabu haijiandikishi. Tumeliona hilo kwa upana zaidi katika historia ya mkoa huu. Klabu ya soka ya Lupopo ilizaliwa kati ya wafanyakazi wa reli. Mazembe, nayo ya soka, ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968 ikiitwa Englebert, jina la matairi ya gari. Michezo yetu ilikaa kwapani mwa kampuni. Kisha uzalishaji wa shaba wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ukaporomoka, kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990, na pamoja na mishahara, shule na hospitali, viwanja na vilabu vya wafanyakazi navyo vikadhoofika. Aliyekuwa na mlezi mmoja alibaki yatima.

Mwaka 2022 klabu ya mji huu, Espoir Fukash, ilicheza katika BAL, ligi ya mabingwa wa Afrika. Ilikuwa fahari kubwa, na michezo yake ya kundi ilichezwa Cairo. Nafasi katika ligi ile, kwa nchi kama yetu, hutafutwa uwanjani, kwa hiyo haiwezi kuuzwa kama ilivyouzwa SuperSonics, na hilo ni jema. Lakini inahitaji klabu iliyo hai mwaka hadi mwaka, inayoweza kulipa tiketi za ndege za timu nzima kila inapokwenda Kinshasa, na inayoweza kumweka mchezaji mwenye kipaji asiondoke kwa sababu ya mshahara wa miezi mitatu usiolipwa. Tazameni pia Kigali: ukumbi wenye viti 10,000 ulifunguliwa mwaka 2019, na BAL ya kwanza ikachezwa humo mwaka 2021. Vijana wetu wengi bado wanacheza kwenye saruji, juani, na mvua inapoanza mchezo unasimama.

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya kutafuta faida, yale tunayoyaita ASBL, inataka shirika liwe na mkutano mkuu wa wanachama wenye mamlaka ya juu. Klabu inayotumia umbo hilo si mali ya rais wake. Kwa hiyo ninawaomba wanachama mwende kwenye mkutano mkuu na kudai hesabu za mwaka zisomwe, mlezi mkuu atoe mchango wake kwa mkataba wa misimu mitatu badala ya bahasha ya kila mwezi, na jina, rangi na nafasi ya klabu katika ligi viandikwe katika katiba kuwa ni vya wanachama, visivyoweza kutolewa bila kura yao. Mchango wa mwanachama, hata ukiwa mdogo, unampa sauti ambayo kelele za jukwaani hazimpi.

Na siku mji huu utakapojengewa ukumbi wa ndani, awe ni nani atakayelipa, mkataba wa matumizi usainiwe kabla ya ujenzi kuanza, ukitaja klabu ya hapa kwa jina, idadi ya michezo yake kwa msimu, kodi yake, na fidia itakayolipwa upande wowote ukivunja ahadi. Sasa nakaribisha maswali yenu, na ningependa kuanza na wachezaji.