Mkufu Huu Una Tarehe

Ndugu walimu, waongoza watalii na wanafunzi, asanteni kwa kunikaribisha tena hapa Arusha. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, nami nitaendelea kulisema mpaka niione kazi ya mkono wa msanii ndani ya maandalio yenu ya somo la historia, si kwenye somo la sanaa peke yake. Barua ya gavana tunaihifadhi pamoja na jina na tarehe yake, lakini mkufu wa shanga tunauandikia "mapambo ya Kimasai" na kupita.

Mkufu huu mpana ulioko mezani niliununua miaka mingi iliyopita katika soko la Wamasai hapa mjini, na muuzaji aliniambia tu kwamba ni wa zamani. Nikaupeleka kwa yeyo, yaani mama, mmoja wa Monduli, fundi wa shanga tangu usichana wake. Kabla hajatazama rangi, aliugeuza. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, akasema kwamba uzi huu umechambuliwa kutoka kwenye gunia la plastiki, wala si mshipa wa mnyama. Akavigonga kwa ukucha hivi vipande vyeupe vinavyotenga mistari, akasema vimekatwa kwenye dumu. Ndipo alipoutazama mbele, akaufuata mpangilio wa rangi taratibu, akatamka kwamba huu ni wa siku ambazo rika la Makaa walikuwa morani, kwa kuwa yeye na wenzake walishona hivyo, na wasichana waliokuja baadaye waliuacha mtindo huo.

Naomba mlitafakari hilo. Wamasai huhesabu wakati kwa marika, Nyangusi, kisha Seuri, kisha Makaa, kisha Landis, na rika jipya linapoingia umorani wanawake hubuni mipangilio mipya ya shanga. Maana yake, anayeijua mipangilio hiyo anaweza kuupa mkufu umri wake, na waliotunza kumbukumbu hiyo ni wanawake ambao katika vitabu vyetu ni nadra kumkuta hata mmoja kwa jina. Katika jumba moja la makumbusho ng'ambo nilisimama mbele ya mikufu ya aina hii: kibao kilimtaja afisa wa Kijerumani aliyeichukua, kikataja mwaka na namba ya kabati, na mshonaji hakutajwa kabisa. Niliudhika siku hiyo, na hata leo bado naudhika.

Hapa huwa naulizwa: ikiwa shanga za kioo zilitengenezwa Venice na Bohemia, zikashushwa pwani na kupandishwa bara na misafara pamoja na nguo na nyaya, usanii wa asili uko wapi? Swali hilo nimelijibu mara nyingi, nalijibu tena. Buluu iliyothaminiwa kuliko zote katika michoro ya kale ya Italia ilisagwa kutokana na jiwe lililochimbwa Afghanistan, na hakuna aliyewahi kuwanyang'anya Waitalia michoro yao kwa sababu hiyo. Kioo kilitoka ng'ambo, lakini mpangilio, maana na makosa ya kushona ni vya hapa. Tena ugeni huo wa kioo ndio unaomwezesha mwalimu kuifundisha biashara ya misafara akiwa ameishika mkononi.

Muda unanibana, kwa hiyo mengine nayagusa tu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, aliyeuawa Dar es Salaam mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Waulizeni wanafunzi kwa nini ilikuwa rangi hiyo, na mtapata somo zima la maisha ya mhamiaji mjini. Wachongaji wa Kimakonde na vinyago vyao vya ujamaa wanastahili mhadhara wao. Michoro ya miamba ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, nalazimika kuiacha.

Yeyo niliyemtaja ndiye huyu aliyeketi mbele kulia. Amekubali kuwaonyesha mikufu mitatu aliyokuja nayo, na mjukuu wake atatafsiri kutoka Kimaa. Maswali yenu yaanze kwake, na wa kwanza atakayeuliza amwulize kwanza jina lake na aliandike.