Mtoto wa miezi minane naye huishi

Ndugu watazamaji, assalamu alaykum, na shikamooni wazee wangu mnaonitazama kutoka Tanga na kwingineko. Leo ninazungumza nanyi kutoka Birmingham, hapa Uingereza, kuhusu watoto njiti, kwa sababu wiki iliyopita wifi yangu alinipigia simu akiwa ameshikwa na uchungu katika wiki ya 33, na mama yangu mzazi, aliyekuwa naye chumbani, alikwisha kukata tamaa kwa kuwa tumelelewa tukiamini kwamba mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi minane hufa.

Imani hiyo si kweli. Kila wiki anayoiongeza mtoto tumboni humzidishia nafasi ya kuishi. Mwongozo wa madaktari wa watoto wachanga wa hapa, wa mwaka 2019, unaeleza kwamba kati ya watoto 10 wanaozaliwa hai katika wiki ya 22 na kupewa matibabu ya wagonjwa mahututi, takriban 3 huishi. Katika wiki ya 24 huishi 6, na katika wiki ya 26 huishi 8. Wapo wanaobaki na ulemavu mkubwa, takriban 1 kati ya 3 kwa wale wa wiki ya 22, na mzazi anastahili kuambiwa hilo mapema bila kufichwa.

Mwanangu mwenyewe alizaliwa katika wiki ya 25, akiwa na gramu 760. Usiku wa tatu kengele ya mashine ililia kwa sababu pumzi yake ilikuwa imesimama, maana ubongo wa njiti bado haujaizoea kazi ya kupumua. Muuguzi akapenyeza mkono ndani ya inkubeta, akamsugua unyayo kwa ncha ya kidole, na kifua kikainuka tena. Kwa ajili hiyo hiyo alikuwa akipewa kafeini kila siku, nami nilikuwa nikikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, tone kwa tone, na kuivuta kwa bomba la sindano.

Hata hivyo, nawasihi msizichukue takwimu za Uingereza mkadhani ndizo za kila mahali. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi maskini, zaidi ya 9 kati ya watoto 10 wanaozaliwa kabla ya wiki ya 28 hufariki katika siku za mwanzo, na jambo hilo linaniuma sana, kwa kuwa mengi yanayowakosesha uhai ni kukosa joto, maziwa na msaada wa kupumua.

Ndiyo maana nilimsihi wifi aende hospitali, asingoje kupambazuke. Sindano za kukomaza mapafu ya mtoto huchomwa mama kabla hajajifungua, na huhitaji muda wa kufanya kazi. Kisha kuna kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi: utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi 1.8 waliobebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitulie, walipungua vifo kwa takriban robo.

Wifi alichomwa sindano, uchungu ukazuiwa kwa siku mbili, na binti akazaliwa na kilo 1.7. Jana nilimwona kwenye simu, kofia ya sufu ikichomoza katika khanga iliyofungwa kifuani mwa mama yangu, ambaye alikuwa akimsogeza kidevu polepole ili shingo isikunjamane.