Herufi Zinazojifanya Mkono

Wakubwa shikamooni, vijana wa steshenari na mabango, karibuni.

Asubuhi nilipita mwaloni Kibirizi, Kigoma, nikasoma majina ya boti. Yameandikwa kwa brashi, na hata ndani ya jina moja hukuti A mbili zinazofanana. Ya kwanza imenona, brashi ilikuwa imetoka kuchovywa; ya mwisho imekonda, rangi imekwisha. Jicho linajua papo hapo kwamba mtu alisimama pale.

Fonti ya mwandiko, yaani herufi za kompyuta zilizochorwa zifanane na maandishi ya mkono, inautaka utu huo huo, mtu mwenyewe asiwepo. Herufi zake haziketi sawasawa kwenye mstari: moja imeruka kidogo, nyingine imezama. Kuna zinazoshikana mikono, kama Mistral aliyoichora Mfaransa Roger Excoffon mwaka 1953 kwa kufuata mwandiko wake mwenyewe. Kuna zinazosimama mojamoja, kama Comic Sans ya mwaka 1994. Hiyo najua mnaicheka. Lakini mchoraji wake, Vincent Connare, alikuwa na hoja: aliona mbwa wa katuni kwenye programu ya kompyuta za nyumbani anazungumza kwa Times New Roman, herufi zilizochorwa kwa ajili ya gazeti. Mbwa gani anaongea kama mhariri?

Sasa tuje kwetu. Andika “dagaa”. Herufi tano, a tatu, mbili zimekaa bega kwa bega. Fonti ikiwa na a moja tu, zote tatu ni pacha na uongo umeshikwa. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo Kiswahili kinaiumbua fonti haraka. Zilizotengenezwa vizuri hubeba a mbili au tatu tofauti, na programu huzipokezanisha zenyewe. Basi ukitaka kujaribu fonti, acha jina lako. Andika kahawa, halafu ng’ombe, uone kama ritifaa, ile alama ya juu, imepata nafasi yake au imebanana na g.

Itumike wapi? Kibanda cha chipsi, stika ya chupa ya mawese, jina la bibi na bwana harusi juu ya kadi ya mchango. Maneno matatu manne, tena makubwa. Zile za kuunga usiziandike zote kwa herufi kubwa. Herufi kubwa hazikuchorwa zishikane, utapata uzio uliobomoka. Na namba ya simu, jamani, hapana! Niliwahi kuchapa kadi za harusi ambazo 1 na 7 zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Michango ikaenda kwa mtu nisiyemjua mpaka leo, na bwana harusi tukikutana sokoni mimi ndiye ninayebadili njia.

Haya, toeni simu. Kila mmoja aandike “dagaa wa Kigoma” kwa fonti anayoipenda. A ziko tano. Nataka kuona simu ambayo zote tano si pacha.