Mtoto wa mbwa asiondoke kwa mama kabla ya wiki 8

Karibuni tena. Leo tupo uani hapa Goba. Huyu mama mnayemwona kajilaza kivulini ana watoto sita, wapo wiki ya 5. Jana kaja mtu na hela mkononi, anamtaka yule dume mweusi leoleo. Nimemwambia arudi baada ya wiki 3, na nisingembadilishia jibu hata angeongeza bei.

Kwanza, andika tarehe waliyozaliwa. Usikadirie umri kwa kuangalia mwili, aliyeshiba huonekana mkubwa.

Wakifika wiki ya 3 au ya 4, anza kuwazoesha chakula. Sogea uone: ugali laini, dagaa waliolowekwa, wakachemshwa bila chumvi na kusagwa, kisha maji ya uvuguvugu mpaka iwe kama uji. Dagaa wasiwe wachache, maana ugali mtupu haumjengi mwili. Mimina kwenye sinia. Wataingia na miguu, waache. Mama mtenge kidogo kabla ya kuwalisha ili waje na njaa. Maziwa ya ng'ombe usiwape, wengi huharisha.

Sasa tazama hawa wawili. Huyu kamng'ata mwenzake sikio, mwenzake kalia na kuacha mchezo. Umeona huyu aliyeng'ata alivyoduwaa? Hapo anajifunza kupima nguvu ya meno yake. Mama naye humkoromea anayemvuta chuchu kwa meno. Ukimtoa leo, somo hili anakwenda kulimalizia kwenye mikono ya wanao.

Dawa ya minyoo huanza wiki ya 2, kisha kila baada ya wiki 2. Chanjo ya kwanza, yenye kinga ya parvo (ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa), ni kati ya wiki ya 6 na ya 8. Ya kichaa cha mbwa ni kuanzia wiki ya 12, kwa hiyo mkumbushe anayemchukua.

Wiki ya 8 ikitimia, usiwatoe wote siku moja. Toa mmoja mmoja, maziwa ya mama yapungue taratibu. Mguse matiti kila siku: yakiwa magumu, mekundu na ya moto, mwite daktari wa mifugo.

Anayeondoka msafirishe asubuhi, kabla jua halijawa kali, na umfungie kipande cha kanga walichokuwa wakilalia na mama. Usiku wa kwanza atalia. Mlaze karibu na kitanda chako, juu ya kanga hiyohiyo.