Macho na mdomo vikiwaka pamoja

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Leo nataka tuongelee yule mgonjwa anaekuja macho mekundu yamejaa tongotongo, midomo imechubuka ina magamba ya damu, hata mate hamezi.

Huku kwetu Mtwara akija mwezi wa saba jibu la haraka ni salfa, ule unga wa kuzuia ukungu, eti kapuliza mikorosho bila kuziba uso. Na kweli lile vumbi linawasha macho sana, ila halichubui mdomo mpaka kooni wala halileti vidonda sehemu za siri, kwahiyo ukikuta vyote vitatu achana na mikorosho. Alafu salfa ya shambani ni kiberiti, sio ile salfa ya kwenye dawa za Septrin na SP ya malaria, tusiwachanganye watu.

Hapo ndo unauliza dawa, na usiulize "unatumia dawa gani" maana atakwambia hamna, uliza umemeza nini wiki nane hizi, dawa ya kifafa, nevirapini ya VVU, alopurinoli ya gauti, Septrin, manake ugonjwa wa Stevens-Johnson, ule wa mwili kuikataa dawa mpaka ngozi, macho, mdomo na sehemu za siri vinachubuka, mara nyingi unaanza kati ya siku ya 4 na ya 28 toka dawa ianze na mtu keshasahau.

Sasa kuna kijana wa miaka 14 alitoka upande wa Tandahimba, huyu ndo kanifundisha. Ngozi ilikuwa na malengelenge matatu tu, sisi tukabishana siku mbili, huyu surua, huyu herpesi, wengi wakasema ni amoksilini alonunuliwa dukani. Nikakaa na mama yake tukahesabu siku moja moja, kumbe kikohozi na homa vilitangulia wiki nzima, midomo ikaanza kuuma, amoksilini ikaja baadae. Yaani dawa ilikuta ugonjwa upo! Kwa mtoto au kijana, kikohozi kwanza, mdomo na macho vibaya, ngozi kidogo, fikirieni maikoplazma, bakteria wa mapafu. Kile kibakteria hakina ukuta wa seli, amoksilini haikigusi kabisa, kinataka azithromaisini, na picha ya kifua mpige hata kama kikohozi kimepungua.

Ila jamani macho yasisubiri jina la ugonjwa. Siku hiyohiyo oshea na maji ya chumvi ya dripu, weka mafuta ya macho, mwite mtu wa macho aangalie chini ya kope kila siku. Sisi tulimwita siku ya 5, kope la chini la kushoto lilikuwa limeshagandana na jicho.