Kipande Kilichobaki Ndani

Wauguzi wenzangu, madaktari na wanafunzi, karibuni.

Nianze na kisima, maana wengi hapa Dodoma tumekulia Kondoa, Mpwapwa au Manyoni. Kamba ikikatika, ndoo haiopolewi kwa papara: unashusha kulabu, unapapasa, unanasa, unavuta taratibu. Kuopoa kipande cha katheta, yaani mpira mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa wa damu, moyoni mwa mtoto ni vivyo hivyo, ila kisima chenyewe kinadunda.

Katheta ikikatikia kwenye vena ya mkono, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, damu hukibeba kipande hadi upande wa kulia wa moyo, pengine mpaka ateri ya mapafu, mshipa unaotoa damu moyoni kwenda mapafuni. Kikiachwa, damu yaweza kuganda juu yake, vijidudu vikaweka makazi, mapigo yakavurugika.

Mwaka 1964 iliripotiwa kipande cha waya kutolewa moyoni bila kupasua kifua. Leo tunatoboa vena kubwa ya kinenani, tunapitisha mrija, na ndani yake kitanzi chembamba cha waya, macho yote kwenye eksirei. Ugumu uko hapa: ukinasa ncha, kipande huingia mrijani kimenyooka. Ukinasa katikati, kinajikunja mara mbili, na mrija uliokuwa unatosha hautoshi tena. Mshipa wa mtoto wa kilo 3 hauna nafasi ya kuupanua ovyo. Kama ncha zote mbili zimeegemea ukuta, kitanzi hakina pa kuingilia. Kwanza tunazungusha katheta yenye mkia uliojikunja mpaka ncha moja iachie. Kazi hii haitaki haraka.

Kinachoniuma ni kipande kinachogunduliwa baada ya wiki kadhaa kwa sababu hakuna aliyepima. Katheta ina alama za sentimita. Iliingia 12, itoke 12, na iandikwe kwenye faili. Ikigoma kutoka, usiivute kwa nguvu. Ikiziba, usiisukume kwa bomba la sindano la mililita 2, kwa kuwa bomba dogo hutoa shinikizo kubwa; shika la 10.

Na ikikatika? Funga mkanda karibu na kwapa, ubane vena tu, mapigo ya kifundo cha mkono yaendelee kusikika. Mtoto atulizwe, eksirei ipigwe, simu ipigwe. Kile ulichobaki nacho mkononi usikitupe. Kitie kwenye mfuko safi kije na mtoto, tukipime tujue tunatafuta sentimita ngapi.