Kuweka so mili ndogo nyumbani: anza na chini, injini baadaye

Sasa watu wangu, karibuni tena. Hii so mili mnaona, mashine ya kupasua gogo liwe mbao, ni bendi so, yaani msumeno wa bleidi ndefu inayozunguka kama mkanda, ya kusukuma na mkono, inateleza juu ya reli mbili, gogo linalala katikati halisongi. Kila mtu kwa simu ananiuliza injini ni ya hospawa ngapi, hakuna anayeuliza reli zimekalia nini, na hapo ndio mbao huharibikia.

Huku Ruai, Nairobi, ni udongo mweusi, mnaujua: mvua ikinyesha unafura, jua likiwaka unapasuka. Mara ya kwanza nilikalisha reli juu ya mawe tu, mvua ya Aprili ikaja, mbao ya inchi mbili ikawa inatoka upande mmoja mbili, upande wa pili moja na nusu, nani atanunua hiyo? Kwa hivyo chimba huo udongo wote utoke, ufikie chini pagumu, jaza mawe, shindilia vizuri, ndio umwage zege. Mlio kule mji wa Kikuyu na udongo wenu mwekundu, nyinyi mna raha.

Zege ikishika, funga reli na bolti, vuta kamba toka mwisho mpaka mwisho, weka pimamaji kila futi mbili, kisha ulaze ubao unyooke uvuke reli zote mbili upime tena. Mahali reli imeshuka, ingiza kibati chini yake. Hapa usiwe na haraka, hata kama ni siku nzima.

Gogo sasa. Mukima, yaani grevilea, wa kwa fensi una misumari na seng'enge iliyomezwa na gome, kwa hivyo toa sumaku kwa spika imekufa uipitishe polepole. Lakini sumaku haisikii chuma kilichoingia ndani sana, ukiona doa jeusi kwa mbao simamisha.

Bleidi ukiikunjua vaa glavu na geuza uso, huwa inaruka vibaya. Msaipresi una utomvu, dondoshea maji yenye sabuni kidogo. Jioni legeza bleidi, isilale imekazwa.

Mbao mbichi panga kivulini, vijiti vya inchi moja katikati, ncha zipake rangi zisipasuke.

Na ikinyesha usiku, asubuhi pimamaji kwanza, ndio uwashe.